Kenya Open

Kenya Open ni mashindano ya gofu ya kulipwa yanayofanyika jijini Nairobi, Kenya. Yalianzishwa mwaka 1967 na ni miongoni mwa mashindano ya gofu ya zamani zaidi katika Afrika Mashariki. Tangu mwaka 2019 ni sehemu ya msimu wa ziara kuu ya Ulaya, ambayo tangu msimu wa 2022 inaitwa DP World Tour. Kwa sababu za udhamini hujulikana pia kama Magical Kenya Open. Kwa kawaida huchezwa mwezi Februari au Machi.

Historia

Mshindi wa kwanza alikuwa Guy Wolstenholme wa Uingereza. Mwingereza mwenzake, Maurice Bembridge, alishinda mara tatu: 1968, 1969 na 1979. Katika miaka hiyo mashindano yalikuwa sehemu ya Safari Circuit, mfululizo wa mashindano yaliyochezwa katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Nigeria na Zambia. Wachezaji wa Ulaya walikuja Afrika wakati kwao ni majira ya baridi, wakarudi nyumbani msimu wao ulipoanza.

Baadhi ya washindi wa Nairobi walipata umaarufu mkubwa baadaye. Seve Ballesteros wa Hispania alishinda mwaka 1978, na mwaka uliofuata akatwaa Mashindano ya Wazi ya Uingereza. Ian Woosnam wa Welisi alishinda mwaka 1986, kisha akatwaa Masters ya Marekani mwaka 1991.

Kuanzia 1991 hadi 2018 Kenya Open ilikuwa katika Challenge Tour, ziara ya daraja la pili ya Ulaya. Katika ziara hiyo, wachezaji wanaomaliza msimu wakiwa juu kwenye orodha hupandishwa kwenda ziara kuu. Kwa hiyo waliokuja Nairobi wengi wao walikuwa vijana waliotafuta nafasi ya kupanda. Trevor Immelman wa Afrika Kusini alishinda mwaka 2000, na miaka minane baadaye akawa bingwa wa Masters. Aaron Rai wa Uingereza, ambaye mama yake alikulia Kenya, alishinda mwaka 2017.

Kupanda daraja

Mwaka 2019 mashindano yaliingizwa katika ziara kuu ya Ulaya kwa mara ya kwanza. Jumla ya zawadi ilipanda kutoka euro 500,000 mwaka 2018 hadi euro 1,100,000. Guido Migliozzi wa Italia alishinda kwa mkwaju mmoja tu mbele ya wachezaji watatu waliofungana katika nafasi ya pili.

Mashindano ya mwaka 2020 yaliahirishwa mwezi Machi kutokana na janga la UVIKO-19, na mwaka huo hayakuchezwa. Mwaka 2021 Nairobi ilipata mashindano mawili mfululizo katika uwanja wa Karen, bila watazamaji: Kenya Open, iliyochukuliwa na Justin Harding, na Kenya Savannah Classic, iliyochukuliwa na Daniel van Tonder baada ya mashimo ya ziada. Wote wawili ni wa Afrika Kusini.

Viwanja

Mara nyingi mashindano huchezwa katika uwanja wa Muthaiga. Uwanja mwingine uliotumika mara kadhaa ni Karen Country Club, ulioanzishwa mwaka 1937. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo mpira huruka mbali kuliko katika viwanja vya pwani, na wageni hulazimika kupima upya umbali wa kila fimbo kabla ya kuanza.

Muundo

Mashindano huchukua siku nne, kuanzia Alhamisi hadi Jumapili, na kila siku huchezwa mashimo 18. Mwenye mikwaju michache zaidi baada ya mashimo 72 ndiye mshindi. Wakifungana, huongezwa mashimo ya ziada. Baada ya siku mbili za kwanza hufanyika mchujo, ambapo zaidi ya nusu ya wachezaji huondoka. Mchezaji wa kulipwa asiyevuka mchujo hapati zawadi ya fedha, ingawa gharama zake za wiki hiyo amekwisha kuzilipa.

Wachezaji wa Kenya

Hakuna Mkenya aliyewahi kushinda Kenya Open. Aliyekaribia zaidi ni Jacob Okello, aliyemaliza wa pili mwaka 1998 nyuma ya Ricardo González wa Argentina.

Wenyeji hutengewa nafasi kila mwaka. Baadhi ya nafasi hizo zimekuwa zikitolewa kupitia Safari Tour, mfululizo wa mashindano ya ndani unaowapa wachezaji wa kulipwa wa Kenya mazoezi ya ushindani. Wengi wao walianza mchezo huu kama makedi, yaani wabebaji wa mifuko ya fimbo. Kupanda daraja kumeleta zawadi kubwa zaidi nyumbani kwao, lakini pia kumewaletea wapinzani wanaocheza katika ngazi hiyo karibu mwaka mzima. Kwa wengi wao, kuvuka mchujo ndilo lengo la kwanza.

Kwamba wiki moja inaweza kubadili maisha ya mchezaji kulionekana mwaka 2024. Joe Dean wa Uingereza, aliyekuwa akifanya kazi ya kupeleka bidhaa za duka kwa gari, alifungana na Nacho Elvira katika nafasi ya pili.

Washindi tangu 2019

- 2019: Guido Migliozzi (Italia), Karen
- 2020: hayakufanyika
- 2021: Justin Harding (Afrika Kusini), Karen
- 2022: Wu Ashun (China), Muthaiga
- 2023: Jorge Campillo (Hispania), Muthaiga
- 2024: Darius van Driel (Uholanzi), Muthaiga
- 2025: Jacques Kruyswijk (Afrika Kusini), Muthaiga