Benchi la Sebuleni

Vijana wenzangu, tukishika kalamu kuandika historia wengi wetu tunakimbilia Majimaji na wakoloni. Mimi leo naandika habari za benchi. Msicheke. Kwetu Mngeta, bonde la Kilombero, benchi la mbao lina mambo ambayo vitabu vya shule vimeyaruka.

Pwani, kule Lamu na Unguja, benchi lilijengwa pamoja na nyumba: baraza ya mawe nje ya mlango, mgeni anakaa, mazungumzo yanaanza. Neno hilohilo ndilo tunalosema tukitaja Baraza la Mawaziri! Kwetu bara mambo yalikuwa mengine. Mzee na kigoda chake, akina mama na watoto mkekani. Benchi refu, nadhani, tulilizoea kwanza misheni. Ya Kwiro, huko Mahenge, ilianzishwa na Wabenediktini 1902, na kuanzia 1921 Wakapuchini wa Uswisi wakaja kushika kazi. Kanisani wanawake upande wao, wanaume upande wao, lakini wote kimo kimoja.

Halafu ikaja reli. TAZARA ilijengwa 1970 hadi 1975, na wakati huohuo Operesheni Vijiji ilikuwa inahamisha watu. Vijiji vingi vya bondeni vikajipanga kando ya reli. Na kijiji kipya, si mnajua, ni mikutano na kisomo. Mwaka 1970 ulitangazwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ikawakusanya watu kwa vikundi kusikiliza redio. Bibi yangu alijifunza kuandika jina lake miaka hiyo, kakaa benchi moja na shemeji zake. "Kabla ya hapo," aliniambia, "mbele ya wanaume mimi nilikuwa wa mkekani tu." Babu alipochongesha benchi la mninga kwa ajili ya wageni wake, bibi alilikalia siku hiyohiyo. Babu akanuna wiki nzima, eti.

Na si kiti tu, bwana. Usiku mgeni anatandikiwa hapo. Masika, bonde likijaa maji na sakafu ya udongo ikatoa unyevu, magunia ya mpunga yanapandishwa juu yake. Mvua za El Niño za 1997/98 ziliwakuta wengi magunia yako chini. Kukiwa na arusi au msiba linabebwa kichwani hadi kwa jirani, ndiyo maana chini lina herufi za jina zilizochomwa kwa msumari wa moto. Kuku naye ana kona yake mvunguni.

Siku hizi aliyevuna vizuri anataka sofa seti. Humo kuna kiti kimoja cha baba, kinatazamana na televisheni, na hata baba akisafiri hakikaliwi na mtu. Mama karudi mkekani. Hapo ndipo ninapogombana na sebule zetu za kisasa. Wewe uliyepanga chumba kimoja Manzese unanielewa zaidi: sofa ikiingia, wewe unatoka. Benchi unalisukuma ukutani, vitabu na ndoo mvunguni, marafiki wanne juu.

Mwaka juzi mjomba alileta sofa kutoka Ifakara, akaagiza benchi litolewe uani, likawe la kukatia mboga. Bibi alikwenda akalikalia, hakujibu neno. Sofa ikawekwa upande wa pili.