Basari ya 2001 na Somo Lake kwa Jubilei Yetu



Kwaya hii inapotimiza miaka 25, tumekubaliana kwamba sehemu ya sadaka ya jubilei itakuwa basari ya vijana wa Busia na Malaba. Kabla hatujapokea shilingi ya kwanza, ni vyema tukumbuke basari nyingine iliyowahi kupita katika vijiji hivi hivi.

Mwaka wa 2001 shule ya msingi ilikuwa bado ya kulipia. Karo iliondolewa Januari 2003, Rais Mwai Kibaki alipoingia madarakani. Kabla ya hapo, mtoto wa mzazi asiye na pesa alirudishwa nyumbani. Mvulana wa mpakani aliweza kutafuta baiskeli akabebe abiria wa boda boda; msichana alibaki jikoni, au akaolewa mapema.

Mwaka huo, shirika la hisani kutoka Uholanzi, International Christelijk Steunfonds, ambalo wengi hapa walilijua kama ICS, lilitangaza basari kwa wasichana wa darasa la sita. Shule 127 ziliorodheshwa: 69 za Busia na 58 za Teso, wilaya iliyojitegemea wakati huo, Malaba ikiwa ndani yake. Karibu nusu ya shule hizo zilichaguliwa kwa kura kupata basari. Zilizobaki zilikuwa za kulinganishia. Katika kila wilaya, asilimia 15 ya wasichana waliofanya vyema zaidi kwenye mtihani katika shule za mpango walipata ufadhili wa miaka miwili. Kila mwaka shilingi 500 za karo zililipwa shuleni, na shilingi 1,000 za mahitaji ya masomo zikapewa familia. Tena mshindi alipongezwa hadharani mbele ya wazazi, walimu na viongozi.

Watafiti waliofuatilia mpango huo, akiwemo Michael Kremer aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2019, waliona matunda makubwa upande wa Busia. Alama za wasichana zilipanda. Walimu walihudhuria kazini zaidi. Hata wasichana waliokuwa nyuma kimasomo, ambao hawakuwa na tumaini kubwa la kushinda, walifanya vizuri zaidi. Na wavulana, ambao basari haikuwahusu kabisa, wakafaidika pia. Mmoja akisomeshwa kwa uwazi, darasa zima huamka.

Upande wa Teso mambo yalikwenda vingine. Juni 2001 radi ilipiga shule moja ya msingi, ikaua wanafunzi 7 na kujeruhi 27. Shule hiyo haikuwa kwenye mpango wa basari, ila ICS ilikuwa imeisaidia kwa njia nyingine. Baadhi ya watu wakaihusisha radi na shirika hilo. Shule 5 kati ya zile 58 zilijitoa, na moja ya Busia iliyo karibu na Teso ikafuata. Msichana mmoja aliyeshinda alikataa zawadi yake. Watafiti hawakuona huko matokeo ya kutegemewa kama ya Busia.

Hatuwacheki wazazi wale, wala hatuwalaumu. Walikuwa wamezika watoto, na mfadhili alikuwa mgeni kwao. Kiasi cha pesa kilikuwa sawa katika wilaya zote mbili. Imani ya wazazi ndiyo iliyotofautiana. Msaada usioaminika hauingii nyumbani hata ukiletwa mlangoni.

Sisi wanakwaya si wageni hapa. Tumeimba kwenye harusi zenu na tumelala matangani pamoja nanyi. Hiyo ndiyo mali yetu kubwa kuliko kikapu cha leo, na tukiipoteza hakuna mfadhili atakayeturudishia. Kwa hiyo tunaahidi mambo matatu. Masharti ya basari yataelezwa kwa Kiswahili, Kiteso na Kisamia, ili bibi kizee naye aelewe. Karo italipwa shuleni, na cha mahitaji kitakabidhiwa mzazi mbele ya mashahidi. Majina na hesabu vitasomwa kanisani kila muhula, na yeyote mwenye swali atajibiwa papo hapo.

Bahasha ya basari imo ndani ya kijitabu hiki. Toeni kadiri Mungu alivyowajalia, kisha mtuulize maswali. Karibuni, na Bwana awabariki.