Leptopu za gemu na joto lake: historia fupi kutoka Hazina hadi hosteli za Moshi

Najua mitihani imekaribia na nusu yenu mko kwenye gemu, kwa hiyo leo naleta historia badala ya umbea wa hosteli. Kwenye korido yetu kuna leptopu tatu za gemu, na mbili kati yake ikifika saa tatu usiku zinanguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Bei ya mashine kama hiyo inazidi ada ya mwaka mzima kwa kozi nyingi, na moja imenunuliwa kwa bumu (mwenyewe anajijua, na muhula huu anakula kwa kukopa). Sasa watu wanauliza: mbona zinachemka hivi, na zitafika mwaka wa tatu kweli?

Tuanzie mbali kidogo. ENIAC, ile kompyuta ya Marekani iliyozinduliwa mwaka 1946, ilikuwa na valvu karibu 18,000 na ilikula umeme wa kilowati 150 hivi. Ilijaza ukumbi, na mapangaboi makubwa yalikuwa na kazi moja tu, kuondoa joto. Kwetu kompyuta ya kwanza, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine za enzi zile zilijengewa chumba chake na kupewa hewa ya baridi, wakati karani wa chumba cha pili anajipepea na faili.

Halafu ukaja mwaka 1974, na hapa ndipo ninapopapenda. Mwaka huo Robert Dennard wa IBM na wenzake walichapisha makala iliyoeleza kwamba transista ikipunguzwa ukubwa, na volteji yake ikipunguzwa kwa kiwango hichohicho, unaweza kubana transista nyingi zaidi mahali palepale, zikafanya kazi kwa kasi zaidi, na joto la eneo lile lisiongezeke. Yaani kasi ya bure! Mwaka huohuo serikali yetu ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini bila kibali maalumu. Fedha za kigeni zilikuwa za shida, na mradi wa kuingiza hesabu za serikali kwenye kompyuta ulikuwa umekwenda kombo. Sitaki kuwalaumu wazee, maana ukiwa na dola chache utanunua dawa kwanza. Ila matokeo yake ni kwamba ile miaka ya kasi ya bure ilipita wengi wetu tukiwa nje ya mlango.

Masharti yalipolegea na kompyuta zikaanza kuonekana mijini miaka ya 1990, Pentium ya mwaka 1993 ilikuwa tayari inahitaji kipande cha alumini na feni juu ya kichwa. Sisi tukaipokea kama tulivyopokea redio na tivii: tukaivisha kitambaa cha kufuma. Msicheke, kitambaa kile kilikuwa na akili yake, kwa sababu vumbi la mji huu mnalijua. Shida ni pale mashine inapowaka huku imefunikwa.

Kasi ya bure ikaisha mwaka 2004. Transista zilikuwa ndogo mno kiasi kwamba umeme ulivuja hata zikiwa zimezimwa, na volteji haikuweza kushushwa tena kama zamani. Pentium 4 ya mwaka ule ilifika wati zaidi ya 100. Intel wakaifuta chipu iliyokuwa ifuate, na Oktoba wakaifuta hata ile ya gigahezi 4 waliyokuwa wameiahidi. Mkuu wao, Craig Barrett, alipiga magoti jukwaani kwa mzaha kuomba radhi. Njia waliyoshika ilitokana na Pentium M ya mwaka 2003, chipu ya leptopu iliyobuniwa Haifa, Israel, kwa ajili ya kula umeme kidogo. Ndiyo maana leo mnahesabu kori na hamhesabu gigahezi peke yake.

Leptopu ya gemu ni kama imekataa kuusikia huo uamuzi. Prosesa na kadi ya picha kwa pamoja zinaweza kula wati 150 hadi 200 na zaidi, ndani ya kitu chembamba kuliko kaunta buku. Fikiria balbu mbili za zamani za wati 100 ndani ya begi lako. Kinachoiokoa ni yale mabomba bapa ya shaba, teknolojia iliyotengenezwa na George Grover kule Los Alamos mwaka 1963. Ndani mna kimiminika kidogo, mara nyingi maji. Upande wa chipu kinachemka kuwa mvuke, mvuke unakimbilia upande wa feni, unapoa na kuwa maji tena, halafu yanarudi kwa kunyonywa na kuta za ndani kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari. Hakuna pampu. Ila feni ikizibwa, mvuke hauna pa kupoea, mchezo umekwisha.

Sasa Moshi inaingia hapa. Sisi tuko karibu mita 900 juu ya bahari, na hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 10 kuliko Dar. Ukipanda Marangu inapungua zaidi. Feni ile ile inasukuma hewa pungufu kwa uzito. Julai baridi inafidia, tena inazidisha, lakini Februari, nyuzi zikigonga 33 na upepo unarusha vumbi, hakuna cha kufidia. Vumbi hilo linaganda kwenye vile vibati vyembamba mbele ya feni hadi linakuwa kama blanketi. Mpelekeeni fundi aifungue walau kabla ya Februari. Akipuliza, feni ishikwe isizunguke ovyo, na ile pesti ya juu ya chipu ibadilishwe ikishakauka. Kitandani msiiweke kabisa, godoro linaziba matundu ya chini. Vifuniko viwili vya soda chini ya miguu ya nyuma vinatosha, msinunue makorokoro.

Wengi wanasema chipu inajilinda yenyewe. Kweli, ikikaribia nyuzi 95 au 100 inapunguza mwendo, ndiyo lile gemu kuanza kukwamakwama. Lakini mwaka 2008 Nvidia walitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya kadi za picha za leptopu zilizokuwa zinakufa. Viungio vya risasi chini ya chipu vilichoka kwa kupanuka na kusinyaa, moto, baridi, moto, baridi. Mafundi wa mitaani wanazijua, walizipuliza moto zikafufuka mwezi mmoja kisha zikawa kimeo moja kwa moja. Kwa hiyo mwenye kutaka idumu apunguze huko kupanda na kushuka. Fungeni fremu kwenye 60 na zimeni ile hali ya kasi ya ziada ya prosesa. Volteji ikishuka kidogo tu joto linashuka sana, somo lilelile la Dennard.

Betri nayo haipendi kukaa imejaa huku inachemshwa. Tangu ule mgao wa 2006 watu wana woga wa kuchomoa chaja, naelewa, lakini kama mashine ina sehemu ya kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, iwasheni. Picha za vumbi lililotoka kwenye ile mashine ya korido nitazibandika nikitoka kwenye mtihani wa Jumatano. Mwenye mashine amekubali, kwa sharti nisitaje namba ya chumba.