Herufi ya Mbao

Seremala alinikatia herufi N kutoka kipande cha plaiwudi kilichobaki kwenye kabati la mteja mwingine. Binti yangu aliitaka ikae juu ya kitanda chake, iwe na maua, na isiwe ya pinki. Nikaipiga msasa, nikaipaka rangi nyeupe ya kwanza, nikaanza kukusanya karatasi za kuibandika. Mama yangu, aliyekuwa amekuja kutusalimia, alinitazama nikifungua kopo la gundi, akauliza kama unga wa ngano umekwisha humu ndani.

Mama ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akibandika karatasi. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo. Kila mwaka mvua zikiisha alipika uji mzito wa unga wa ngano, akaupaka ukutani kwa mkono, akabandika kurasa za magazeti na kalenda za zamani. Vumbi lilipungua na chumba kikang'aa. Nilizijua herufi kwenye ukuta ule kabla sijapelekwa shule. Lakini mama hakujua kusoma. Alichagua kurasa kwa picha na rangi zake, na nyingine zilikaa juu chini. Nilipokuwa darasa la tatu wenzangu walikuja nyumbani. Mmoja akapindisha shingo ili asome kichwa cha habari, na wote wakacheka. Jioni ile nilimwambia mama kuwa nyumba yetu ni ya kujifanya. Hakunijibu. Mvua zilizofuata zilipokwisha, hakubandika tena.

Neno hilo nimekaa nalo miaka mingi. Nimekuja kuona kwamba karibu kila kitu kilichokuwa juu ya meza yangu siku ile ya herufi N kilianza kwa kujifanya.

Tuanze na mbao yenyewe. Wachapaji wa zamani walipanga maneno kwa herufi za risasi. Kwa kitabu zilifaa, ila kwa tangazo la kubandikwa mtaani zilisumbua: herufi kubwa ya risasi ilikuwa nzito, ghali, na ilipopoa haikuwa rahisi kuipata ikiwa bapa sawasawa. Mwaka 1827, mjini New York, Darius Wells alianza kuchonga herufi kubwa za mbao kwa mashine yenye kisu kinachozunguka, na mwaka uliofuata akatoa katalogi yake ya kwanza. Mbao ilisimama mahali pa risasi kwa sababu ilikuwa nyepesi na ya bei nafuu. Baada ya hapo wachongaji wakashindana kuzipamba. Mwaka 1874 William Page wa Connecticut alitoa kitabu cha sampuli za herufi zilizochapwa kwa rangi zaidi ya moja: kila rangi ilikuwa na kipande chake cha mbao, na vipande vilichapwa kimoja juu ya kingine hadi herufi ikapata kivuli na nakshi. Kitu kilichoanza kama mbadala wa risasi kikawa na uzuri ambao risasi haikuwa nao.

Rangi na vanishi nazo zina kisa chao. Katika karne ya 17 matajiri wa Ulaya walipenda sana makabati yenye mng'ao mzito kutoka Japani na China. Mng'ao ule hutokana na utomvu wa mti ambao Ulaya haukuwepo. Mafundi wakatafuta njia nyingine, wakitumia vanishi ya gundi inayotolewa na wadudu wa India. Mwaka 1688 Stalker na Parker walichapisha Uingereza kitabu kizima cha kufundisha uigaji huo.

Venice, katika karne ya 18, walikwenda mbali zaidi. Kuchora kila kabati kwa mkono kulihitaji mchoraji mzuri, na mchoraji mzuri hulipwa. Kwa hiyo mafundi walinunua karatasi zenye picha zilizochapwa, kama zile za kina Remondini wa Bassano, wakazipaka rangi, wakazikata kwa mkasi, wakazibandika kwenye samani, kisha wakapitisha vanishi mara nyingi mpaka kidole kikikosa kuhisi ukingo wa karatasi. Kwa Kitaliano kazi hiyo iliitwa lacca povera, yaani mng'ao wa maskini. Leo samani hizo hutunzwa kwenye makumbusho.

Mkasi huohuo ulifika mikononi mwa Mary Delany wa Uingereza. Mwaka 1772, akiwa na umri wa miaka 72 na mjane, alianza kukata karatasi za rangi na kuzibandika juu ya karatasi nyeusi zikawa maua, petali kwa petali. Aliendelea kwa takriban miaka 10, hadi macho yakamzuia. Maua yake, karibu 1,000, yako British Museum.

Na stensili, ile karatasi ngumu iliyotobolewa umbo ili rangi ipite kwenye tundu tu? Mwanzoni mwa karne ya 19, karatasi za ukutani zilikuwa ghali kwa wakulima wengi wa kaskazini-mashariki mwa Marekani. Walipita mafundi wa kutembea, nyumba hadi nyumba, kama Moses Eaton, na stensili zao, brashi na rangi, wakawapambia kuta zao. Sanduku la Eaton bado limehifadhiwa.

Simulizi hizi sikumwambia mama zote. Nilimwambia ile ya Venice, kwamba wazungu waliwahi kubandika karatasi kwenye makabati yao na wakauita mng'ao wa maskini. Akauliza walitumia gundi gani.

Kisha nikamwambia kwamba lile neno la darasa la tatu nilikosea. Alikuwa anakoroga uji wa unga. "Ulikuwa mtoto," akasema, akaujaribu kwa vidole kama umeshika.

Alinionyesha kulowesha karatasi kidogo kabla ya kuibandika, ili isifanye mikunjo, na kusukuma hewa kutoka katikati kwenda pembeni. Pembeni mwa herufi nilipitisha stensili ya majani, rangi kavu kidogo ili isivuje chini. Maua aliyachagua yeye kwenye kalenda ya mwaka jana: mekundu na ya manjano, ya pinki hakuna. Akainua ile N, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Juu ni wapi?"

"Popote, mama. Ukiigeuza ni ileile."

Akaiweka mezani, akachukua ua la kwanza.