Kisu, inzi na sufu: Mzozo wa kondoo wa merino nchini Australia

Na Mwandishi Wetu

SUTI nyepesi na sweta laini isiyowasha mwili mara nyingi hutokana na sufu ya kondoo wa merino, na sehemu kubwa ya sufu hiyo duniani hutoka Australia. Nyuma ya bidhaa hiyo upo mzozo ambao kwa zaidi ya miaka 20 umewagawa wafugaji, madaktari wa mifugo, watetezi wa wanyama na wafanyabiashara wa nguo. Mzozo huo unahusu ukataji wa ngozi ya nyuma ya mwanakondoo, ambao wafugaji husema ni kinga dhidi ya funza.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea kondoo wa Kimaasai mwenye nywele fupi, tatizo lenyewe huenda likawa geni. Merino amezalishwa kwa karne nyingi ili abebe sufu nyingi kadiri iwezekanavyo, na asiponyolewa sufu hiyo huendelea kukua. Chini ya mkia hulowa mkojo na kinyesi, na katika mikunjo ya ngozi unyevunyevu haukauki. Hapo ndipo inzi hutaga mayai.

Inzi anayehusika zaidi hujulikana kitaalamu kama Lucilia cuprina. Kukiwa na joto, mayai yake huanguliwa ndani ya siku moja hivi, na funza huanza kula ngozi na nyama ya kondoo akiwa hai. Harufu ya kidonda huvuta inzi wengine. Kondoo huacha kula, hupiga miguu chini, hujitafuna na kujitenga na wenzake. Asipotibiwa mapema anaweza kufa. Katika mashamba yenye maelfu ya kondoo waliotawanyika, mfugaji anaweza kumgundua mgonjwa akiwa amekwisha kuchelewa. Kwa hiyo hofu ya wafugaji haikubuniwa kwa ajili ya kujitetea.

Kinga yao kuu ilitokana na ajali. Takriban mwaka 1930, mfugaji wa Australia Kusini, John Mules, alikuwa akimnyoa kondoo jike aliyekuwa akishambuliwa na funza mara kwa mara. Mkono wake uliteleza na makasi yakaondoa kipande cha ngozi ya nyuma. Kidonda kilipopona, kovu lilikuwa tambarare, bila sufu wala mikunjo, na kondoo huyo hakushambuliwa tena. Mules aliwafanyia wengine hivyo kwa makusudi, na njia hiyo ikaenea nchini humo ikiwa na jina lake.

Katika ukataji wa Mules, mwanakondoo hulazwa chali kwenye kitanda maalumu cha chuma, miguu ikiwa imebanwa. Mkataji huondoa kwa makasi makali vipande vya ngozi pande zote mbili za sehemu ya nyuma na kuzunguka mkia. Kazi yenyewe huchukua muda mfupi sana, na mara nyingi hufanywa siku ile ile anapokatwa mkia, kuwekwa alama sikioni na, kwa madume, kuhasiwa. Kidonda huchukua wiki kadhaa kupona. Kwa miongo mingi yote hayo yalifanyika bila dawa yoyote ya maumivu. Watafiti wamebaini kuwa kondoo waliokatwa waliendelea kumkwepa mtu aliyewashika kwa muda mrefu baada ya siku ile.

Mwaka 2004, shirika la kutetea wanyama la PETA lilianzisha kampeni ya kuyataka maduka ya nguo yaisusie sufu ya Australia, na kampuni ya Abercrombie & Fitch ya Marekani ikakubali. Mwaka huo huo viongozi wa sekta ya sufu waliahidi kuwa ukataji huo ungekoma ifikapo mwisho wa mwaka 2010. Mwaka 2009, ikiwa imebaki takriban mwaka mmoja na nusu, ahadi hiyo iliachwa kwa maelezo kwamba njia mbadala hazijakamilika. Maelezo hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, lakini wanunuzi wengi wa Ulaya na Marekani waliyachukulia kama ahadi iliyovunjwa, na imani yao haijarudi kikamilifu.

Lililobadilika ni matumizi ya dawa. Tangu mwaka 2005 imekuwapo dawa ya ganzi iitwayo Tri-Solfen, inayonyunyiziwa kwenye kidonda, na jimbo la Victoria limelazimisha matumizi ya dawa za kutuliza maumivu kuanzia Julai 1, 2020. Hata hivyo, dawa hiyo huwekwa ngozi ikiwa imekwisha kukatwa. Maumivu ya kisu chenyewe haiyazuii, jambo ambalo matangazo ya kibiashara hayapendi kulitaja.

New Zealand ilichukua njia nyingine. Wafugaji wake walikuwa wameanza kuachana na ukataji huo kwa hiari, na kuanzia Oktoba 1, 2018 sheria iliupiga marufuku. Wafugaji wa Australia hujibu kuwa jirani yao ana merino wachache mno wakilinganishwa na wao.

Dawa za kuzuia inzi nazo zina kikomo. Dicyclanil, mojawapo ya zinazotegemewa zaidi, imeanza kushindwa katika baadhi ya maeneo ya Australia kwa sababu inzi wamejenga usugu.

Kinachobaki ni kurudi kwenye chanzo, yaani mikunjo yenyewe. Merino wa kwanza waliingia Australia mwaka 1797 kutoka Rasi ya Tumaini Jema. Katika miaka ya 1880 waliletwa madume kutoka Vermont, Marekani, wenye mikunjo mikubwa, kwa imani kwamba ngozi nyingi ingezaa sufu nyingi. Wafugaji waliwaacha baadaye baada ya kuona ugumu wa kuwanyoa na jinsi walivyoshambuliwa na inzi, lakini damu yao ilikwisha kuchanganyika na makundi ya nchi nzima. Mikunjo hurithiwa, na kwa sababu hiyo hiyo inaweza kupunguzwa: wafugaji huipima kwa macho kwa kipimo cha alama 1 hadi 5, na kuchagua madume wenye ngozi laini na nyuma isiyo na sufu nyingi.

Wapo Waaustralia ambao wamekwisha kuweka makasi chini kwa njia hiyo na bado wanauza sufu bora. Tangu mwaka 2008, muuzaji anaweza kutangaza mnadani iwapo kondoo wake walikatwa, walikatwa kwa dawa, au hawakukatwa kabisa, na wapo wanunuzi wanaolipa zaidi kwa hao wa mwisho. Kazi hiyo haiishi kwa msimu mmoja. Dume aliyenunuliwa leo huzaa watoto mwakani, na kundi zima hubadilika baada ya vizazi kadhaa; katika kipindi hicho mfugaji huwakagua kondoo mara nyingi zaidi, huwanyoa sehemu ya nyuma kabla ya majira ya inzi, na hulipa gharama hizo mwenyewe.