Diwani wa Manningham

Mji wa Bradford uko kaskazini ya Uingereza, katika jimbo la Yorkshire, na zamani mgeni aliyeukaribia aliuona moshi wake kabla hajaziona nyumba zake. Sufu ililetwa huko kutoka nchi za mbali, hata Australia, ikasokotwa, ikafumwa, ikatiwa rangi, kisha ikauzwa tena ulimwenguni. Juu ya mitaa ya Manningham ilisimama dohani ya kiwanda cha hariri na mahameli cha Samuel Cunliffe Lister. Kimo chake kilikuwa futi 249, na wenyeji waliiita Fahari ya Lister. Chini ya dohani hiyo walifanya kazi maelfu ya watu, na wengi wao katika vyumba vya kufumia walikuwa wanawake na wasichana.

Katika mwaka wa 1890 serikali ya Marekani ilipandisha ushuru wa bidhaa za kigeni, na soko la mahameli likayumba. Lister akaamua kwamba hasara hiyo ibebwe na wafumaji. Mwezi wa Desemba, wiki chache kabla ya Krismasi, tangazo lilibandikwa kwamba ujira utapunguzwa, na kwa baadhi yao upunguzo huo ulifika hata robo ya mshahara na zaidi. Wafumaji wakagoma. Walisimama nje ya milango ya kiwanda majira yote ya baridi kali, wakiishi kwa michango ya majirani na ya vyama vya wafanyakazi vilivyokuwa bado vichanga. Hata ilipofika Aprili 1891 wakuu wa mji walikuwa wamekwisha kuchoka nao. Wakapiga marufuku mikutano yao ya hadhara, askari jeshi wakaletwa mjini, na siku moja mitaa ilijaa mawe na virungu. Mwisho wa mwezi huo mgomo ulikwisha. Wafumaji walirudi kazini kwa ujira ule ule mdogo waliokuwa wameukataa, na katika mwaka huo huo Lister akapewa cheo cha Lord.

Kwa kipimo cha kawaida hayo yalikuwa maanguko. Lakini kwa muda wa miezi minne watu wa Bradford walikuwa wamejifunza jambo ambalo hotuba za miaka mingi hazikuwafundisha. Mji ule ulikuwa na vyama viwili vya siasa, Liberal na Conservative, na kila Novemba vilipigania viti vya baraza la mji kwa makelele makubwa. Wafanyakazi wengi waliopiga kura walikuwa wakikipa kura Chama cha Liberal, kwa kuwa kilijiita rafiki yao, na kwa kuwa wahubiri wa makanisa yao walikiunga mkono. Sasa waliona kwamba mikutano ilipokatazwa na askari walipoitwa, hapakuwa na tofauti kati ya diwani wa chama hiki na diwani wa chama kile. Wengi wao walikuwa wenye viwanda, au wenye nyumba za kupangisha, au jamaa za watu hao.

Basi mnamo Mei 1891, majuma machache tu baada ya kushindwa, kikundi kidogo kilianzisha Umoja wa Wafanyakazi wa Bradford. Shabaha yake ilikuwa kuwasimamisha wafanyakazi wenyewe katika uchaguzi, bila kuegemea chama chochote cha zamani. Katika watu hao alikuwamo kijana wa miaka ishirini na saba, Fred Jowett. Alikuwa ameingia kiwandani akiwa na miaka minane, kwa desturi ya wakati ule ya watoto waliofanya kazi nusu ya siku na kusoma nusu ya pili, wakisinzia juu ya vitabu. Baadaye alisoma masomo ya jioni, akajua ufundi wa kufuma vizuri hata akawa msimamizi. Hakuwa msemaji wa kutikisa ukumbi. Sifa yake ilikuwa kwamba alisoma taarifa za hesabu hadi ukurasa wa mwisho.

Ni vema tuangalie kwa makini jinsi walivyoanza, maana ndiyo kiini cha habari hii. Hawakuanza kwa Bunge. Walianza kwa vilabu. Katika muda wa miaka miwili vilipatikana vilabu zaidi ya 20 katika mitaa ya Bradford, vingine katika vyumba viwili tu vya kupanga, ambamo mtu aliweza kunywa chai, kusoma gazeti, kuimba, kucheza, na kubishana. Watu waliochoka kusikia mimbarini sifa za matajiri walianzisha hata kanisa lao la wafanyakazi, na Jowett alikuwa mmoja wao. Mtu akiingia klabuni kwa ajili ya joto la moto, punde si punde alipewa kazi ya kuandika majina ya wapiga kura wa mtaa wake. Hivyo ndivyo walivyopatikana makatibu, waweka hazina na wasemaji miongoni mwa watu ambao hawakupata kusimama mbele ya mkutano maishani mwao. Mimi naona kwamba kazi hiyo ya vilabu ilikuwa na thamani kuliko hotuba zote za wageni mashuhuri waliofika mjini, ingawa magazeti yalizipa hotuba hizo nafasi kubwa zaidi.

Novemba 1892 Jowett alisimama katika mtaa wa Manningham, mtaa ule ule wa mgomo, akachaguliwa kuwa diwani. Miezi miwili baadaye, Januari 1893, wajumbe zaidi ya mia moja kutoka Uingereza na Scotland walikutana Bradford, mwenyekiti wao akiwa Keir Hardie, mchimba makaa wa zamani aliyekuwa ameingia Bungeni mwaka uliopita. Hapo kikaundwa Chama Huru cha Wafanyakazi, ambacho Waingereza walikiita kwa herufi tatu, I.L.P. Chama hicho kina uhusiano na habari zetu pia: Fenner Brockway, aliyekuja Kenya mwaka 1950 na tena 1952 wakati wa Hali ya Hatari, akawa mtetezi wa Waafrika katika Bunge la London, alijiunga nacho alipokuwa kijana, mwaka 1907, baada ya kuzungumza na Hardie.

Lakini diwani mmoja afanye nini katika baraza lililojaa wapinzani wake? Angeweza kupiga kelele kila mkutano, kisha akarudi klabuni kushangiliwa. Jowett hakukataa kupiga kelele ilipobidi, walakini alitambua kwamba kazi ya baraza hutendeka katika kamati, na katika kamati mtu anayezijua hesabu husikilizwa hata na adui yake. Akakazana na mambo ambayo wakubwa waliyaona madogo: mifereji ya maji machafu, afya ya mji, ujira wa watu walioajiriwa na baraza, na nyumba za mtaa wa Longlands, ambao ulikuwa umesongamana na kuoza hata vifo vyake vilizidi vya mitaa mingine. Mashauri ya kuubomoa mtaa huo na kujenga nyumba bora yalichukua miaka. Yalishindwa, yakarudishwa, yakashindwa tena. Wapinzani walisema kodi itapanda. Jowett akaendelea kuyarudisha mpaka baraza likakubali.

Mwaka 1894 wenzake walipata mwanya mwingine. Shule za mji zilikuwa chini ya halmashauri yake pekee, nayo ilichaguliwa kwa utaratibu wa namna ya peke yake. Bradford ilikuwa na viti 15, na kila mpiga kura alikuwa na kura 15, ambazo aliruhusiwa kuzigawa apendavyo, au kuzirundika zote juu ya mtu mmoja. Chama kikubwa hakikuupenda sana utaratibu huo. Kwa chama kidogo ulikuwa neema, kwa sababu watu wachache wenye nidhamu, wakizielekeza kura zao mahali pamoja, waliweza kupata kiti. Tena, wanawake waliruhusiwa kusimama katika uchaguzi huo, ingawa kura ya Bunge hawakuipata mpaka 1918. Wafumaji wa Manningham waliogoma miezi ile yote, walio wengi wao, hawakuwa na sauti yoyote katika kuchagua Bunge. Jambo hilo husahauliwa na wanaosimulia habari za chama hicho kana kwamba kilijengwa na wanaume peke yao.

Mwanamke aliyechaguliwa alikuwa Margaret McMillan. Alizaliwa Marekani mwaka 1860 kwa wazazi wa Kiskoti, akalelewa Scotland, na alikuwa na mwaka mmoja tu tangu ahamie Bradford. Akaanza kuzizungukia shule. Alikuta watoto walioshonewa nguo zao mwilini tangu mwanzo wa baridi zisivuliwe hadi majira ya joto, watoto wenye chawa, wenye meno yaliyooza, na wengine waliofika darasani bila kula chochote. Pamoja na Dk. James Kerr, mganga wa shule za mji, alihimiza ukaguzi wa afya za wanafunzi wakati ambapo jambo hilo halijaamriwa na sheria yoyote. Mwaka 1897 shule ya Wapping ikafunguliwa mabafu ya watoto kuogea, na inasemwa kuwa hiyo ilikuwa shule ya kwanza ya umma nchini kupata kitu kama hicho. Wapinzani waliuliza kama kazi ya mwalimu ni kusomesha au ni kuogesha.

Usidhani, msomaji, kwamba chama kilikuwa kikipanda tu. Katika uchaguzi mkuu wa 1895 kiliwasimamisha watu 28, wakaanguka wote 28, na Keir Hardie akapoteza kiti chake. Mwaka uliofuata Hardie mwenyewe aligombea kiti cha mashariki ya Bradford, akashika nafasi ya tatu. Michango ikapungua, na vilabu kadhaa vikafungwa. Waliobaki ni wale waliokuwa na kazi ya kufanya kesho yake asubuhi: diwani mwenye kikao cha kamati, mjumbe mwenye shule ya kukagua, katibu mwenye orodha ya nyumba za mtaa wake. Mwaka 1900 Jowett aligombea Ubunge wa magharibi ya Bradford, akakosa kwa kura 41.

Kisha likaja pigo ambalo hakuna bidii iliyoweza kulizuia. Sheria ya Elimu ya mwaka 1902 ilifuta halmashauri za shule, ikazikabidhi shule kwa mabaraza ya miji. Na katika mabaraza hayo mwanamke hakuruhusiwa kuchaguliwa hadi 1907. Kiti cha Margaret McMillan kikatoweka kwa kalamu ya Bunge, bila mpiga kura yeyote kumkataa. Akaondoka Bradford, akaenda zake London, ambako baadaye alianzisha zahanati na shule ya watoto wadogo huko Deptford.

Suala la watoto wenye njaa lilibaki mikononi mwa Jowett. Wengi katika baraza walisema kulisha mtoto ni wajibu wa baba, na baba akishindwa, basi ni kazi ya wafadhili. Jowett akajibu kwamba mji unaomlazimisha mtoto kwenda shule hauwezi kujifanya haujui kwamba ameingia na tumbo tupu. Mwaka 1906 akagombea Ubunge tena. Katika sehemu nyingi za nchi mwaka ule wagombea wa wafanyakazi walinufaika na mapatano ya siri ya 1903, ambayo kwayo Chama cha Liberal kiliwapisha. Si katika kiti chake. Alipambana na Liberal na Conservative kwa pamoja, akawashinda wote wawili. Wabunge wa upande wake walikuwa 29 tu katika Bunge la watu 670, na mojawapo ya hotuba zake za mwanzo humo ilikuwa juu ya chakula cha watoto wa shule. Muswada uliletwa na mmoja wa hao 29, serikali ya Liberal ikauunga mkono, na kabla mwaka haujaisha ukawa sheria. Mabaraza yakapewa ruhusa, si amri, ya kulisha wanafunzi wenye njaa kwa kodi isiyozidi nusu peni katika kila pauni.

Bradford ikatangulia. Katika 1907 jiko la kupikia watoto lilifunguliwa katika shule ya Green Lane, katika mtaa wa Manningham. Kabla ya hapo mganga wa shule, Dk. Ralph Crowley, alikuwa amechagua watoto 40 wa mji huo akawapa chakula kila siku ya masomo, akiwapima uzito. Uzito wao ulipanda. Ilipofika likizo, na meza zikafungwa, uzito ulishuka. Shule ilipofunguliwa, ukapanda tena. Crowley aliyachora hayo katika karatasi ya vipimo, mstari unaopanda, unaozama, kisha unaopanda, na karatasi hiyo ikawekwa mbele ya madiwani.