Tarumbeta na Bendi za Jazi Magharibi mwa Kenya

Tarumbeta ilipata wapenzi Afrika Mashariki kupitia pwani. Katika miaka ya 1890 vijana wa Lamu na Mombasa walicheza beni, ngoma iliyoiga gwaride na bendi za jeshi, vikundi vikishindana kwa mavazi, vyeo vya kujipa na nyimbo za mafumbo. Vita vya Kwanza vya Dunia viliisambaza bara: askari wa Keya (King's African Rifles) na wapagazi wa Kariakoo (Carrier Corps) walikwenda nayo kila walikopelekwa.

Huko Bungoma, magharibi mwa Kenya, watu walikuwa tayari na ala zao. Litungu na siilili, ala za nyuzi za Wabukusu, zilitumbuiza kwenye sherehe na kwenye matanga, na marehemu aliyeheshimika hakuzikwa kimyakimya. Kwa hiyo kumuenzi mtu kwa muziki si desturi iliyoletwa na jazi. Jazi iliikuta.

Baada ya Vita vya Pili, gitaa ndilo lililoshika usukani. Fundi Konde, mpiga gitaa aliyewatumbuiza askari wakati wa vita, akawa miongoni mwa majina makubwa ya santuri. Magharibi, George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963, alipiga mtindo wa omutibo: gitaa moja, sauti, na chupa ya soda iliyogongwa kushika mwendo. Hapo muziki uliweza kupigwa uani na watu wawili. Tarumbeta haikubali urahisi huo. Ni ghali, inahitaji mwalimu, na mpigaji wake huhitaji wenzake wa ala za kupuliza ili anoge.

Hii ndiyo sababu kubwa ya bendi nyingi za magharibi, kama Victoria Jazz na Shirati Jazz, kubeba jina la Jazz huku zikitegemea magitaa. Nchini Kenya kampuni za santuri za Nairobi zilitaka nyimbo fupi za bei nafuu, na mwanamuziki alijitafutia ala. Tanzania ilifuata njia nyingine: chama cha wafanyakazi NUTA kiliunda bendi yake mwaka 1964, kikamiliki ala na kuwalipa wanamuziki mshahara; polisi, jeshi na vijana wa chama tawala nao wakawa na bendi. Palipokuwa na taasisi, tarumbeta ilidumu.

Maisha ya Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini aliyefariki tarehe 23 Januari 2018, yanathibitisha jambo hilo. Akiwa mwanafunzi alimwomba padri Trevor Huddleston tarumbeta, akaipata, na mwalimu wake wa kwanza akatoka bendi ya manispaa ya Johannesburg. Wanafunzi wenzake wakajiunga, ikazaliwa Huddleston Jazz Band. Mwaka 1956 Louis Armstrong aliwatumia tarumbeta kutoka Marekani. Kipaji cha Masekela kilikuwa chake. Lakini bila shule, padri na bendi ya manispaa, kisingepata pa kuanzia.

Magharibi mwa Kenya taasisi iliyoitunza ala hiyo ni kanisa. Jeshi la Wokovu lilianza kazi nchini mwaka 1921, likapata waumini wengi katika nchi ya Waluhya, na tangu 2008 lina makao makuu ya eneo la magharibi mjini Kakamega. Muziki wa ala za shaba ni sehemu ya ibada yake. Waumini wakifiwa husema ndugu yao amepandishwa utukufuni, na bendi hupiga mbele ya waombolezaji. Kwa mtu wa kijijini, iwe Myanga kwenye reli ya kwenda Malaba au viungani mwa Kitale, uwezekano wa kusikia tarumbeta ikipigwa vizuri ni mkubwa zaidi kwenye mazishi ya namna hiyo kuliko kwenye ukumbi wa dansi.

Kwa kuwa tarumbeta hutegemea taasisi hivyo, tamasha la kumkumbuka mpiga tarumbeta lina kazi ngumu kuliko la mwimbaji. Nyimbo za mwimbaji zinaweza kuimbwa na wengine. Nafasi ya tarumbeta hujazwa na mtu aliyefundishwa miaka mingi tu. Bendi za Bungoma na Kitale zinapoandaa kumbukumbu kama hiyo, ziwaite jukwaani wapigaji wa Jeshi la Wokovu, na sehemu ya kiingilio inunue tarumbeta ya shule.